Mwendo wa Jiwe

Kabla sijaligusa lori la Ntabaye
nilipima jiwe.

Jiwe la kusagia la marehemu shangazi, uani kwetu Isevya.
Nililibebesha kifaa tangu alfajiri
hadi jua likasimama utosini.
Halikuondoka. Kuku walilizunguka,
mtoto wa jirani alilipiga teke akaumia yeye,
halikuondoka.
Lakini kumbukumbu za setilaiti zikasema limetembea:
hatua mbili kaskazini, kidogo kuelekea chooni, likarudi,
kilomita tatu kwa saa,
mwendo wa mtu anayekwenda kudai deni asilotarajia kulipwa.

Nikaandika juu ya ukurasa:
hiki ndicho kiasi cha uongo wa kitu kilichotulia.

Ntabaye alikuja na karatasi ya faini imekunjwa mara nne.
Tumbaku ya Urambo, tani kumi, siku ya Ijumaa.
"Tisini na nne, Ndono! Nyamizi, Ndono nilikuwa nafunga tairi!"
Nikafungua safu za namba.
Sekunde iliyotangulia: sifuri. Iliyofuata: sifuri.
Katikati tisini na nne, peke yake, kama mlevi msibani.
Lori lenye mzigo halichupi hivyo hata likifukuzwa na nyuki.
Ni bati la godauni. Ishara ilishuka, ikagonga bati,
ikachelewa, ikadai imetoka mbali.
Nikaikata kwa wino mwekundu.
Akacheka, akashika kofia yake.

"Kaa," nikamwambia.

Maana swali la mwendo ni swali la nukta mbili
na kila nukta ina ukungu wake.
Mita mbili huku, mita mbili kule:
hazijumlishwi zikawa nne, hazifutani zikawa sifuri,
zinakuwa mbili na nukta nane,
na ukizigawa kwa sekunde moja
unapata kilomita kumi za shaka kwa saa.
Ukingoja sekunde kumi, shaka inabaki moja.
Nafuu? Ndiyo. Lakini kwa sekunde kumi lori limeshapita
duka la Sungwa, zahanati, na geti la shule ya Usoke,
na breki uliyokanyaga, au hukukanyaga,
imeyeyuka ndani ya wastani.
Ukitazama kwa karibu, mkono unatetemeka.
Ukitazama kwa mbali, unatulia, na huoni kitu.
Sijapata njia ya tatu.

Ila jiwe. Daftari lilitarajia kumi, jiwe likasema tatu,
kwa kuwa makosa ya sekunde jirani ni ndugu wa tumbo moja:
yakienda kombo, yanakwenda pamoja.

Sasa Usoke, saa sita na dakika tisa mchana.
Kibao kinasema hamsini.
Hapo hakuna aliyekuandikia faini. Hakuna aliyeuliza.
Niliona kwa sababu nilikuwa nakutafutia utetezi.
Hamsini na nane, mara kumi na moja mfululizo.
Nikakutolea tatu za jiwe: hamsini na tano.
Nikakutolea tatu nyingine, za heshima,
kwa vile ulimfikisha mama yangu Kitete usiku ule
ukakataa hata hela ya mafuta:
hamsini na mbili.

Shaka yote niliyokuwa nayo nimekupa, Ntabaye.
Imekwisha.

Akakunjua karatasi, akaikunja tena.
"Na ukihesabu kwa upande wa pili?"
Hakuwa mjinga.
Upande wa pili ni sitini na nne.
Ukungu hauchagui pa kuegemea.

"Watoto walikuwa wametoka?" nikauliza.
Akasema hakumbuki. Akasema Ijumaa hutoka mapema.
Akasema hakumbuki.

Aliondoka bila kuaga. Injini ikawaka barabarani.
Nikasikia gia ya kwanza, nikasikia ya pili,
nikasimamisha kalamu kungoja ya tatu.
Haikuja hadi mwisho wa mtaa,
au ilikuja, mimi sikuisikia.